Kuosha nozeli ni nusu ya kazi: kwa wadogo zangu mnaoanza

Msimu wa korosho uliopita, kijana mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara, aliniletea nozeli nne, vile vifaa vinavyonyunyizia injini mafuta, ndani ya mfuko wa sukari. "Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie kuosha hizi, gari linamisi, linatetemeka." Nikaitikia, nikamuuliza ipi imetoka silinda namba ngapi. Hakujua. Ipi ndiyo mbovu? Hakujua. Vile vimpira vya chini viko wapi? Labda vimebaki kwenye injini, labda vimeanguka. Noah lenyewe lilikuwa kwao, chini ya mwembe, viti vya mbele vimefunuliwa maana injini yake iko chini yake, matundu manne ya manifoldi, lile bomba la kuingizia injini hewa, yako wazi, na upepo wa baharini unapita na mchanga wake.

Sikumgombeza, kwa sababu nami nilianza hivyo hivyo. Ila siku ile niliamua niyaandike haya kwa ajili yenu mnaoingia kwenye ufundi, na kwa wenye magari mnaotaka kujifanyia wenyewe uani. Inawezekana kabisa. Nimefanya nozeli nyingi juu ya meza ya mbao, bila mashine kubwa. Lakini wengi mnadhani kazi ni kuosha. Kuosha ni sehemu nyepesi. Kazi ni kujua kabla hujafungua, na kurudisha ukishaosha.

Kwanza mtambue gari mlilo nalo. Ninayoyasema hapa ni ya injini za petroli ambazo nozeli zake zinapuliza kwenye manifoldi, kabla ya valvu: Noah za zamani zenye injini ya 3S, Corolla, Carina, Raum, IST, Vitz. Presha ya mafuta kwenye reli zake, lile bomba linalogawia nozeli mafuta, ni kama bar 3 hivi. Zile Voxy za mwanzo zenye maandishi ya D-4 msizishike. Nozeli zake zinapuliza ndani ya silinda yenyewe, kuna pampu ya pili juu ya injini, na presha inapita bar 80. Zinataka sili zake maalumu na kifaa cha kuzivalisha. Dizeli nazo zipelekeni kwa mafundi wa pampu wenye kipimio, na kamwe usiweke kidole mbele ya nozeli ya dizeli inayopuliza. Mafuta yale yanatoboa ngozi yakaingia ndani ya nyama. Kidonda kitaonekana kama umechomwa na mwiba, kumbe mkono uko hatarini. Aliyepatwa aende hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri uvimbe.

Sasa turudi kwenye petroli. Gari linatetemeka likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, umeambiwa ni nozeli. Usiamini. Washa injini, chomoa soketi ya nozeli moja moja. Ukichomoa ya silinda nzima, injini itashuka na kutetemeka zaidi. Ukifika kwenye silinda inayoumwa, utachomoa na injini haitabadilika. Hapo umejua silinda, bado hujajua ugonjwa. Hamisha plagi yake upeleke silinda ya jirani. Kama gari lina koili ya kutoa cheche juu ya kila plagi, kama IST, hamisha na koili. Ugonjwa ukihama nayo, umeshapona bila kugusa mafuta. Usipohama, chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa nozeli, mpini sikioni. Nozeli inayofanya kazi inagonga tik-tik-tik kama saa. Iliyo kimya ama haipati umeme, ama imekwama, ama koili ya ndani yake imekatika.

Halafu mita. Zima gari, chomoa soketi, pima pini mbili za nozeli. Toyota nyingi za aina hii zinasoma omu 13 hadi 14 injini ikiwa baridi. Muhimu kuliko namba ni zote nne zifanane. Ikisoma omu 2 au 3, jua ni ile aina inayotumia umeme kupitia kizuizi chake pembeni, na ukiigusisha betri ya gari moja kwa moja utaiunguza. Na hapa kwetu ongezeni kipimo kimoja: angalieni ndani ya soketi yenyewe. Gari linalolala Shangani au Msimbati linakula hewa ya chumvi kila usiku. Pini zinaota ukijani, umeme unafika nusu, gari linamisi, na watu wanauza nozeli nzima kabisa kama chuma chakavu.

Za kijana wa Chikongola nilizipima mbele yake. 13.6, 13.8, 13.7, 13.8. Nikamwambia twende tukaone gari. Soketi ya namba tatu ilikuwa kijani kama ganda la nazi changa. Ugonjwa ulikuwa pale, na nozeli zilikuwa zimeshatolewa zote. Kwa hiyo sasa ilibidi tuzioshe na kuzirudisha, tupende tusipende, kwa sababu oringi, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, ikishachomolewa baada ya miaka kumi na kitu ndani ya joto, hairudi.

Ukiwa umethibitisha kwamba ni nozeli kweli, anza kwa kushusha presha. Chomoa soketi ya pampu ya mafuta, washa gari mpaka lizime lenyewe, piga selfu mara mbili. Kisha toa hasi ya betri. Hata hivyo yatabaki mafuta kwenye reli, basi weka kitambaa chini ya bomba unapolifungua. Injini iwe baridi. Na kabla hujavuta nozeli hata moja, puliza hewa kuzunguka kila shimo. Kila anayetoka Newala au Tandahimba anajua vumbi la kule linavyojipanga kwenye injini. Lile vumbi ukivuta nozeli linadondoka kwenye manifoldi, na kutoka hapo linaenda kukaa kwenye silinda. Ukishatoa, ziba matundu kwa vitambaa safi, na andika namba kwenye kila nozeli na kila waya. Tepu ya karatasi inatosha.

Kuosha sitakaa sana. Nunua kopo la kabureta klina, unganisha mrija wake na mkia wa nozeli kwa mpira uliobana, puliza huku ukigusisha waya wa umeme na kuachia, kugusisha na kuachia. Mimi natumia ile betri ndogo ya mraba ya volti 9. Usiishikilie kwa sekunde nyingi, na usiigongeshe ikiwa kavu. Unatafuta ukungu unaotoka kama koni iliyo sawa. Ukiona mstari kama mkojo, au unatoka upande, rudia. Usichokonoe tundu kwa sindano wala waya. Tundu lile limekatwa kwa kipimo, ukilikwaruza mara moja nozeli imekwisha. Usilaze nozeli nzima usiku kucha ndani ya thina, plastiki na waya wa ndani havipendi.

Ila hili moja nasema kwa kusisitiza: cheche ya kugusisha betri na ukungu wa klina ni moto. Refusha waya zifike mita mbili, betri ikae upande upepo unakotoka, usifanyie ndani ya chumba, na jiko la mama ntilie lisiwe karibu. Vaa miwani. Ndoo ya mchanga iwe mkononi. Petroli ikiwaka, maji yanaisambaza.

Ndani ya mkia wa nozeli kuna kichujio kidogo kama kofia. Hutolewa kwa kukizungushia skrubu nyembamba kisha kuivuta kwa plaizi. Usikitoe kama huna kipya. Petroli ya chupa mnayomiminiwa vijijini msimu wa korosho inakuja na maji, kutu ya madumu na wakati mwingine mafuta ya taa, na kichujio kile ndicho mlinzi wa mwisho. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huo, lakini kinasaba hakikusaidii kwenye chupa iliyokaa barabarani juani. Ukimaliza nozeli, badili na fueli filta, la sivyo utarudi hapa baada ya mwezi.

Kisha kipimo cha kuvuja. Puliza klina ndani ya nozeli bila umeme wowote, ishikilie ikiangalia chini, tazama ncha kwa dakika nzima. Vitabu vya Toyota za zamani vinaruhusu tone moja kwa dakika, si zaidi. Inayozidi hapo, ioshe tena. Ikikataa, tafuta nyingine. Hiyo ndiyo inayofanya gari lisumbue kuwaka asubuhi na kunuka petroli kwenye ekzosi. Kwa kulinganisha wingi wa mafuta wa nozeli zote nne, mimi napeleka kwa mwenye mashine. Nimewahi kuona watu wanapiga selfu huku reli ikipulizia kwenye chupa wazi juu ya injini. Sitaki kuona tena.

Sasa kurudisha, na hapa naomba mtulie.

Miaka ya mwanzo, nikiwa Mikindani kwenye gereji ya mjomba wangu, niliosha nozeli za Noah moja nikazirudisha na oringi zake za zamani. Zilionekana nzima. Gari liliwaka vizuri, mwenyewe akafurahi, akapakia familia kwenda msibani Nachingwea. Kufika Mnazi Mmoja ya Lindi, pale njia inapogawanyika, mama yake akasema ananusa petroli. Dereva akasimama, akafunua kiti. Oringi mbili zilikuwa zinatoa jasho la petroli juu ya injini ya moto, na juu ya injini ile, kwenye kiti, alikuwa amekaa yule mama na mjukuu mapajani. Walinipigia simu. Mjomba alikwenda mwenyewe na oringi mpya, hakuniambia neno njia nzima kwenda wala kurudi. Tangu siku ile sijarudisha oringi iliyotumika.

Oringi mpya basi, tena ya petroli. Si ile ya boksi la mchanganyiko linalouzwa kwa ajili ya bomba za maji. Rangi isikudanganye. Chukua moja, ilaze kwenye petroli usiku mmoja, asubuhi iweke kando ya mwenzake mkavu. Ikiwa imevimba au imelegea, zote za boksi hilo ziache. Seti za kweli, zenye oringi, kichujio na vimpira vya chini, tunaziagiza Kariakoo zinakuja na basi. Kusubiri siku mbili ni sawa.

Paka oringi tone la oili safi ya injini. Grisi hapana, sabuni hapana. Ingiza nozeli kwenye reli ikiwa wima, huku ukiizungusha kushoto na kulia kwa vidole. Isikazwe kwa nyundo wala kwa mguu. Ikishaingia, izungushe. Lazima izunguke kwa ulaini. Ikigoma, oringi imejikunja au imekatwa na ukingo. Itoe, weka mpya. Kipimo hicho hakigharimu shilingi, na ndicho wengi wanakiruka.

Halafu reli yote inashuka pamoja na nozeli zake nne. Angalia vile vipande vinavyokaa kati ya reli na injini, viko mahali pake? Kimoja kikipotea reli inainama, na nozeli ya upande mmoja inakaa juu juu. Anza bolti kwa vidole. Kabla ya kukaza, zungusha tena kila nozeli. Ndipo ukaze, kidogo huku, kidogo kule. Bomba la mafuta lenye bolti ya tundu linataka washa mbili mpya, zile pete bapa, moja kila upande.

Usiwashe bado. Rudisha soketi ya pampu na betri. Kwenye Toyota nyingi za zamani, kile kiboksi cha kupimia kina matundu ya FP na +B. Yaunge kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha, pampu itafanya kazi na reli itajaa. Kama gari halina, piga selfu kwa muda mfupi mfupi. Chukua tochi, na kipande cha karatasi ya chooni. Pitisha karatasi kuzunguka kila nozeli, juu na chini, na kwenye bomba. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Dakika kumi. Ikiwa kavu, washa. Gari likishapata moto, zima, pitisha karatasi tena.

Kijana wa Chikongola tulimaliza magharibi. Soketi ya namba tatu tulibadili pini, oringi zote mpya, na injini ikatulia. Alitaka kufunga viti aondoke nalo usiku ule ule, ana abiria wa Masasi alfajiri. Nikamwambia lilale hapa, viti wazi. Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta nje, ameshainama juu ya injini na karatasi mkononi, ananusa. Ilikuwa kavu. Akafunga viti.