Kabla ya talaka, Jeong-suk alirudi kazini

Wanawake waliotoka kwenye ndoa huniuliza waanzie wapi. Huwa nawaambia wakatazame Doctor Cha, tamthilia ya Kikorea yenye vipindi 16 iliyorushwa na kituo cha televisheni cha JTBC mwaka 2023. Cha Jeong-suk alisomea udaktari, akaolewa, akakaa nyumbani miaka 20. Ini likamwangusha. Alipopandikizwa jingine na kupona, akarudi hospitali kumalizia mafunzo aliyoyaacha, akiwa na miaka 46. Mumewe ni bingwa wa upasuaji hapohapo, ana mwanamke mwingine na mtoto wa nje.

Angalieni kipi kinatangulia. Jeong-suk anavaa koti jeupe kwanza, talaka inafuata baadaye sana. Na analivaa akiwa wa chini kabisa, mwanawe wa kumzaa naye yuko mafunzoni hospitali hiyohiyo. Anakemewa na watu wadogo kwake, kesho yake anaripoti kazini.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Mimi nilirudi kwenye ushonaji, niliousomea kabla ya kuolewa. Aliyenifundisha ovaloki, ile mashine ya kushonea kingo za kitambaa zisifumuke, alikuwa binti wa umri ambao ningeweza kumzaa. Ananiita mama, kisha ananiambia: "Fumua, urudie." Nilifumua. Kitu ulichokiacha njiani kwa sababu ya ndoa, kitafute hichohicho, hata kama wenzako wameshafika mbali.

Tamthilia haikufundishi habari za mali, na kwa sisi wa Tanzania hilo lina uzito. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani za mke kuwa ni mchango katika mali ya familia. Kwa hiyo usisaini popote kwamba hudai kitu, eti upate amani haraka. Shauri lako lipeleke kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, ndiyo njia ya kufika mahakamani. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti za ujenzi, toa nakala, ziweke kwa mtu unayemwamini.

Halafu kuna ndugu. Watakuletea mchumba machozi hayajakauka, kwa nia njema kabisa. Jeong-suk alipendwa na daktari Roy Kim, mtu mpole na mwenye heshima, akamkatalia, akafungua kliniki yake mwenyewe. Shangazi zangu niliwaambia kwa adabu kwamba kwanza namalizia kodi ya fremu ya mwaka huu, na wachumba wao tutawazungumza mwakani.