Strati baa ya kuchomelea mwenyewe kwenye Corolla 110

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Corolla 110, na kila wiki napanda na kushuka mlima Kitonga. Kwenye kona kali pua inachelewa kufuata usukani. Rafiki yangu amefunga strati baa, ile baa inayounganisha vichwa vya shokapu za mbele (pale zinaposhika bodi, chini ya boneti), anasema gari limetulia. Nina mashine ya kuchomelea na vipande vya bomba la maji. Je, naweza kujitengenezea?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Unaweza, ila hilo bomba la maji liache. Lina zinki, na moshi wake ukichomelea unaleta homa na kifua kubana. Nunua bomba jeusi la chuma, lisilo na zinki.

Kabla ya kununua, lala chini ya gari. Ukikata kona, tairi linasukumwa na lami kuelekea ndani ya kona. Kwa vipimo vya gari dogo kama lako, kichwa cha shokapu kinapata takriban theluthi moja ya nguvu hiyo, tena kikisukumwa kuelekea nje ya kona. Mkono wa chini, ule wenye bolijointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu), unabeba nguvu yote ya tairi na ile theluthi juu yake. Kwa hiyo bushi (mpira) ya mkono huo ikiwa imepasuka, pua itachelewa hata ukifunga nguzo ya umeme juu ya injini. Ingiza nondo fupi kati ya mkono na fremu, tikisa. Angalia bolijointi, upepo wa matairi, kisha alaimenti, yaani mpangilio wa matairi. Malalamiko mengi ya pua kuchelewa yanaishia hapo.

Ukikuta huko chini kila kitu ni kizima, pima kama vichwa vinacheza kweli. Chukua mirija miwili myembamba, mmoja uingie ndani ya mwingine, ifunge kati ya vichwa viwili na uvishe kipira pale inapokutana. Zunguka kona zako, kisha fungua boneti uone kipira kimesogezwa kiasi gani. Kipira kinaonyesha vichwa vikikaribiana tu, vikiachana hakisogei; lakini kama hakikusogea kabisa, pengine baa haitakusaidia sana.

Kimesogea? Basi tengeneza, na jambo moja usikubali kulegeza: baa iwe imenyooka. Bomba la kipenyo cha mm 32, unene mm 2, urefu sm 90, likivutwa kwa nguvu ya kilo 100 linarefuka kama mm 0.02 tu. Lipinde lipande sm 8 kuikwepa injini, na nguvu ileile italifungua mara nyingi zaidi ya hapo. Ni bomba lilelile, lakini sasa ni springi. Baa nyingi za kung'aa za dukani zimepinda, na nyingine zina bawaba ncha zote mbili. Hizo ni urembo. Ukitumia aluminiamu ya vipimo hivyohivyo, ugumu unabaki kama theluthi ya chuma.

Kata boksi la karatasi ngumu upate umbo la kichwa na matundu ya nati, kisha hamishia kwenye plati (bamba la chuma) ya mm 4. Usiende mm 6 kwa kudhani unaongeza nguvu: nati ikishakazwa, nyuzi mbili au tatu za bolti lazima zionekane juu yake, na plati nene inazimeza. Fungua nati za pembeni peke yake, gari likiwa limesimama kwa magurudumu manne mahali tambarare. Nati ya katikati usiiguse kabisa. Ndiyo inayoshikilia springi iliyobanwa, na ikiachia inaweza kuua mtu.

Funga plati mbili mahali pake, weka bomba, weka alama, toa vyote. Chomelea mezani, plati zikiwa zimefungwa kwenye ubao ulioutoboa kwa vipimo vilevile, la sivyo joto litavuta kazi na matundu hayatakutana tena. Kabla ya kupaka rangi, irudishe, weka madonge ya unga uliokandwa juu ya baa, funga boneti taratibu. Donge likibonyea mpaka chini, boneti itagonga. Upande wa injini acha kama sm 2, maana injini inayumba ukikanyaga mafuta.

Usitarajie miujiza. Kwenye kona vichwa vyote viwili vinasukumwa upande mmoja, cha nje zaidi ya cha ndani; baa inavigawanyia mzigo, haivizuii kwenda pamoja. Ili kuzuia hilo unahitaji mguu wa tatu hadi ukuta wa nyuma ya injini, na bati la pale ni jembamba, sikushauri. Tena gari la kuvuta mbele ukiligandisha pua linaweza hata kuzidi kidogo kwenda moja kwa moja kwenye kona, hasa matairi yakiwa ya bei rahisi. Ukigonga kitu upande mmoja, pigo litapita kwenye baa na kuhamisha upande wa pili pia.

Baada ya wiki moja kaza nati upya kwa spana ya kipimo, ukifuata kipimo cha Toyota, na chunguza kingo za vichwa: ukiona rangi imepasuka au kutu inachungulia, toa baa na umwone fundi wa bodi.