Kabla ya msalaba, leta ukwaju

Swali lilikuwa ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: sharubati huchanganywa kikombe 1 cha ukwaju kwa vikombe 4 vya maji. Ukiwa na vikombe 3 vya ukwaju, utatia maji vikombe vingapi? Darasa la sita, hapa hapa Tanga mjini, watoto sabini na ushee. Mikono ikapaa. Jibu lililoongoza lilikuwa 6.

Nilikuwa nimefundisha uwiano wiki nzima. Nikauliza hiyo 6 imetoka wapi. Kijana wa dawati la mbele akanieleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Mwalimu, ukwaju umeongezeka vikombe viwili, na maji nayo yaongezeke viwili." Wenzake wakaitikia. Hakuna aliyeona tatizo, na nikisema kweli, hata mimi nilichelewa kuliona. Nilidhani hawakusikiliza. Kumbe walisikiliza, na walikuwa na kanuni yao iliyonyooka. Tatizo ni kwamba ilikuwa kanuni ya kujumlisha.

Siku ya pili nikaja na ukwaju niliouroweka usiku, jagi mbili na kikombe kimoja cha kupimia. Sukari sikutia, makusudi. Jagi la kwanza kikombe 1 kwa 4. Jagi la pili walivyotaka wao, 3 kwa 6. Nikawaita waonjaji sita mbele. Wa kwanza akanywa jagi la kwanza, akatikisa kichwa kwamba linanyweka. Akahamia la pili, akakunja uso mpaka macho yakapotea. Darasa likalipuka.

"Tia maji," nikamwambia. Akatia kikombe, wakaonja. Cha pili, wakaonja. Kufika 10 wakaanza kubishana wao kwa wao. Kufika 12 ubishi ukaisha. Ulimi si mizani, tofauti ya 11 na 12 hauijui, na nikawaambia hivyo hivyo. Lakini tofauti ya 6 na 12 unaijua vizuri sana. Yule kijana wa dawati la mbele alirudi kwenye daftari, akafuta, akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe kila kikombe cha ukwaju kinakuja na maji yake manne."

Sentensi hiyo ndiyo ninayoitafuta kila mwaka. Haiandikwi ubaoni na mwalimu. Inabidi itoke kinywani mwao.

(Tahadhari kabla sijasahau: angalia kalenda. Mwaka uliofuata niliingia na majagi yangu katikati ya Ramadhani. Zaidi ya nusu ya darasa wamefunga, nami nimesimama mbele namimina sharubati saa tano asubuhi. Nikayafunika kwa kanga ya mwalimu mwenzangu, tukafanya hesabu za rangi ya ukuta.)

Kabla ya hapo nilifundisha kama nilivyofundishwa. Andika sehemu mbili, weka alama ya sawasawa katikati, piga msalaba (zidisha ya juu ya huku kwa ya chini ya kule), gawanya. Wanafunzi wanaipenda njia hii kwa sababu haiwadai kufikiri, na walimu tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini geuza swali kidogo uone. Mtoto anaandika 1/4 upande mmoja na x/3, badala ya 3/x, upande wa pili, anapiga msalaba bila kosa lolote, anapata 0.75. Robo tatu ya kikombe cha maji kwa vikombe vitatu vya ukwaju! Hiyo si sharubati, ni gundi. Naye anapiga mstari chini ya jibu kwa rula na kuja kusahihishiwa.

Sasa msalaba nauficha wiki mbili za mwanzo. Tunatumia jedwali la safu mbili tu: ukwaju juu, maji chini. 1 na 4, 2 na 8, 3 na 12, halafu naruka: 10 na ngapi? Nusu kikombe na ngapi? Hapo kwenye nusu ndipo unapowajua walioelewa. Anayejumlisha hukwama, anayezidisha anasema 2 bila kuinua kalamu. Na ninawauliza swali moja mpaka wananichoka: imekuwa *mara* ngapi? Siulizi imezidi kwa ngapi. Kiswahili kimetupa maneno mawili tofauti, mara na zaidi, tuyatumie. Msalaba unakuja baadaye kama njia ya mkato ya mtu anayeijua njia ndefu. Kwenye mtihani watautumia, na sina ugomvi nao.

Kuna neno la Kiswahili lililonisumbua zaidi ya hesabu yenyewe, nalo ni "kwa". Tunasema zidisha kwa 4, gawanya kwa 4, halafu uwiano wa 1 kwa 4, halafu kilomita 60 kwa saa. Neno moja, kazi nne. Mtoto akisoma "3 kwa 12" hajui azidishe, agawanye au alinganishe. Dawa niliyoipata ni kuwalazimisha kutamka "kwa kila". Vikombe 4 vya maji kwa kila kikombe cha ukwaju. Shilingi kadhaa kwa kila nyanya. Wakishazoea, hata uwiano na viwango vinaacha kuwa mada mbili za kutishana: uwiano unalinganisha vitu vya kipimo kimoja, kikombe na kikombe, na kiwango kinalinganisha vipimo viwili, shilingi na kilo, kilomita na saa. Swali ni lile lile la kwa kila kimoja, ngapi.

Hapo watume sokoni. Pale Mgandini kuna fungu la nyanya 4 kwa shilingi 500, na mbele kidogo fungu la 9 kwa 1,000. Lipi nafuu? Wa 4 kwa 500 anauza nyanya moja 125, wa 9 kwa 1,000 anauza 111 na senti. Binti mmoja akanikatisha: "Lakini za yule wa mia tano ni kubwa." Yuko sahihi. Hesabu ya kwa kila nyanya inadai nyanya ziwe sawa, na hilo alilijua yeye anayetumwa na mama yake, si mimi niliyetunga swali.

Kosa la pili kwa ukubwa ni sehemu na jumla. Darasa lina watoto 40, wavulana kwa wasichana ni 2 kwa 3. Wavulana wangapi? Wataandika theluthi mbili ya 40, wapate wavulana 26 na kipande, na wasishangae kipande. Nilihangaika na michoro mpaka siku moja binti wa nyuma akasema, "Mwalimu, si kama mirathi?" Wengi wao jioni wako madrasa, na huko wameshasikia kwamba mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya binti. Basi tukafanya: baba kaacha shilingi 7,000,000, wana wawili, mabinti watatu, na tuseme hakuna mrithi mwingine. Mafungu ni 2 na 2 na 1 na 1 na 1, jumla 7. Hakuna hata mmoja aliyekosa. Walihesabu mafungu yote kwanza, ndipo wakagawa. Tukarudi kwa wavulana na wasichana: mafungu 2 na 3, jumla 5, kila fungu watoto 8, wavulana 16. Dakika kumi. Mimi nilikuwa nimepoteza vipindi viwili kwenye michoro.

Kama shule yako iko mahali tambarare kama Tanga, kuna kifaa cha uwiano kimeegemezwa kwenye mwembe: baiskeli. Tuliipindua moja ya inchi 28, ya mlinzi wetu, tukahesabu meno. Gurudumu la meno la mbele 48, la nyuma 20. Uwiano 48 kwa 20, ukirahisisha 12 kwa 5, maana yake kila mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha tairi la nyuma mara 2.4. Tukapiga hesabu ya mzingo: inchi 28 ni kama sentimita 71, zidisha kwa 3.14, unapata karibu sentimita 223. Mara 2.4, inakuja mita 5 na sentimita 35 hivi.

Tukatoka uwanjani kuhakikisha. Chaki kwenye pedeli, chaki chini, mmoja akaisukuma taratibu huku mwingine akiuangalia mguu wa pedeli uzunguke mara moja. Futi kamba ikasoma mita 5 na sentimita 24. Wakaanza kunitetea, eti tumepima vibaya. Mlinzi akabonyeza tairi kwa dole gumba, akasema, "Halina upepo hili." Tairi likibonyea, kitovu cha gurudumu kinashuka na mwendo wa kila mzunguko unapungua. Tukajaza upepo, tukapima tena, pengo likapungua. Sijawahi kuwa na kipindi kilichoishia vizuri vile, na ufundi haukuwa wangu.

Kwa watoto wa mafundi ujenzi, na tunao wengi, kuna zege. Baba zao wanasema mfuko mmoja, mchanga matoroli mawili, kokoto matoroli manne, na mtoto anaandika 1:2:4 akijua amemaliza. Muulize, mfuko ni toroli? Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takribani lita 35. Toroli tufanye lita 60, lenu mlipime wenyewe kwa ndoo. Basi uwiano wa kweli ni 35 kwa 120 kwa 240, yaani karibu 1 kwa 3.4 kwa 6.9. Hiyo si zege ya 1:2:4 hata kidogo, ni dhaifu zaidi. Uwiano ukikosa kipimo kimoja ni maneno matupu. Mwanafunzi mmoja alikwenda kumwambia baba yake. Sikuulizwa kitu na mzazi, ila niliona mwezi ule wanapima kwa ndoo.

Mwendokasi sitakaa nao, vitabu vinautendea haki, isipokuwa swali moja. Gari linakwenda kilomita 120 kwa mwendo wa 60 kwa saa, linarudi njia ile ile kwa 40. Wastani? Wote watasema 50. Kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, ni 48. Waache wabishane, usiwaokoe mapema.

Nikitaka kujua kama kujumlisha kumetoka kweli, nawapa katani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Kwa hali ile ile, angetaka 500 iliyo hai, angeagiza mingapi? Aliyebaki na ugonjwa wa kujumlisha hutoa 62 kwenye 1,000, anapata 938 iliyokufa, anaiongeza kwenye 500 na kuniletea 1,438. Jibu ni karibu 8,065. Mwaka jana niliwapata kumi na mmoja wa 1,438. Niliwarudisha kwenye ukwaju, kundi dogo, baada ya vipindi.

Na mwisho wapo waliopona kupita kiasi, ambao sasa kila kitu wanazidisha au kugawa. Hao nawapa haya mawili. Mtu mmoja anatembea kutoka Chumbageni hadi Raskazone kwa dakika 40, je, watu wanne wakiongozana? Utapata 10, utapata na 160. Halafu hili: watoto 10 wanaimba kaswida moja kwa dakika 4, watoto 20 wataimba kaswida hiyo kwa dakika ngapi? Mara ya mwisho darasa liligawanyika, wengine 2, wengine 8. Yule binti wa mirathi alikuwa ameshaweka kalamu chini, anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini.

"Wakiimba kwa dakika mbili, mwalimu, ustadhi atawachapa."