Soma jina la diski kwanza: kwa mdogo wangu anayeanza kupiga Window

Mdogo wangu, kabla sijakuonyesha programu yoyote ya kutengenezea flashi ya kupigia Window, yaani ya kuweka Windows upya kwenye kompyuta, nikusimulie siku niliyofuta picha za watu.

Nilikuwa na mwaka wa pili katika ufundi, ofisi yetu ndogo ikiwa Ngamiani, hapa Tanga. Mwalimu mmoja wa sekondari, mama mtu mzima, aliniletea laptopu ambayo Windows yake ilikuwa haifunguki, pamoja na eksteno yake, yaani diski ya nje, ya GB 500. Akaniomba nimhamishie faili zake kwenye ile eksteno, kisha nimpigie Window upya. Kuhamisha nilihamisha vizuri. Kosa langu ni kwamba eksteno sikuichomoa. Nikachomeka flashi yangu ya GB 16 pembeni yake, nikafungua programu ya kutengenezea flashi, nikachagua ISO, yaani lile faili moja linalobeba Windows nzima, nikabonyeza kitufe cha kuanza. Programu ile iliorodhesha kila kilichochomekwa kwa herufi tu, E na F, bila jina la kampuni wala ukubwa. Likaja swali la kuthibitisha, nami nikalikubali bila kulisoma, kama nilivyozoea. Kazi ilipokwisha flashi yangu ilikuwa vilevile, ila eksteno ya Mwalimu ndiyo iliyogeuka kuwa ya kupigia Window.

Faili za kwenye laptopu zilikuwa salama kwa sababu nilizinakili tu, laptopu yenyewe sikuwa nimeifuta bado. Lakini ndani ya eksteno mlikuwa na picha za miaka mingi. Kwa programu ya kuokoa data tulipata sehemu yake, zikarudi bila majina wala tarehe. Zile zilizokuwa mahali ISO ilipoandikwa hazikurudi, maana kilichoandikwa juu yake hakichimbuliki tena. Nilimweleza Mwalimu ukweli wote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hata za marehemu mama, mwanangu?"

Tangu siku hiyo kila programu ya aina hii naipima kwa swali moja: pale ninapokaribia kukosea, inanisaidia vipi? Kasi na uzuri wa vitufe navitazama baadaye.

Anza kwa kuijua dd, hata kama hutaitumia kila siku, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kazi yenyewe ikiwa haijavikwa kitu. Ni amri ya tangu miaka ya 1970 ya Unix, mfumo wa kompyuta ambao Linux ilifuata mfano wake. Kwenye if unaandika inakosoma, kwenye of unaandika inakoandika, basi. Linux huziita diski sda, sdb, sdc na kuendelea. Ukikusudia sdb ukaandika sda, itaandika juu ya diski ya kompyuta yako mwenyewe wala haitauliza neno. Herufi moja tu, na diski imekwenda. Tena herufi hizo hazina kikao: flashi iliyokuwa sdb asubuhi yaweza kuwa sdc jioni kwa sababu tu kuna kitu kingine kimechomekwa. Kwa hiyo andika lsblk kwanza, amri inayoorodhesha diski, usome ukubwa, ndipo uandike dd. Zamani haikukuonyesha hata imefika wapi; toleo linalotumika kwenye Linux lilipata status=progress mwaka 2015. Na ikimaliza, andika sync, amri ya kumalizia kuandika, usubiri irudi, maana data inaweza kuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati wewe unachomoa flashi.

Sasa Rufus, ambayo utaikuta kwa karibu kila fundi wa mji huu anayetumia Windows. Ilianzishwa na Pete Batard mwaka 2011, ni faili dogo, haihitaji kuinstoliwa, na bando halijui kama umeipakua. Jambo ninaloiheshimia ni hili: kwa kawaida haikuonyeshi diski kubwa za nje mpaka uende mwenyewe ukaweke alama kwamba unazitaka. Angalikuwa mwandishi wa ile programu niliyoitumia kwa Mwalimu amefikiria hivyo, picha zile zingekuwepo. Kwa hiyo alama ile usiiweke kwa mazoea. Ukiiweka kwa kazi maalumu, iondoe kazi ikiisha.

Penye ugumu ndani ya Rufus ni yale maswali mawili, Partition scheme na Target system. Wanagenzi wengi niliokaa nao wamekwama hapo, na si kwa uvivu. Swali linahusu mashine ya mteja, ambayo haiko mbele yao. Mbele yao kuna laptopu ya ofisi, kwa hiyo wanajibu kwa kutazama laptopu ya ofisi. Flashi inatengenezwa salama, inapelekwa kwenye mashine ya mteja, mashine inaipita kana kwamba haikuchomekwa kitu. Mwanagenzi anaitengeneza tena vilevile. Saa mbili zimepotea.

Lishike hivi. Kuna namna mbili za kompyuta kuwaka, na hiyo ndiyo Target system: ya zamani ya BIOS, na mpya ya UEFI. Partition scheme ni namna ya kugawa diski: ya zamani huenda na MBR, mpya huenda na GPT. Ikiwa Windows ya mteja bado inafunguka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utafute mstari wa BIOS Mode: utakuambia Legacy au UEFI. Ikiwa haifunguki, uliza umri wa mashine. Zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuendelea, yaani tangu mwaka 2012, kwa kawaida ni UEFI. Ukichagua kimoja, Rufus yenyewe inabadilisha kingine kiendane nacho. Huo ni msaada mzuri, lakini haiwezi kujua mashine ya mteja ikoje. Hilo ni lako.

Ukiweka ISO ya Linux inaweza kukuuliza tena: iandike kwa namna ya ISO, yaani kunakili faili zake, au ya DD, yaani kuimwaga nzima ilivyo kama ile amri ya dd? Chagua ISO. Flashi ikikataa kuwaka, rudia kwa DD. Ukitumia DD usishtuke ukirudi Windows ukakuta flashi ya GB 32 inaonekana kama kipande kidogo tu, au Windows inakuhimiza uifomati. Haijafa. Irudishe kwa Rufus hiyohiyo ukichagua flashi isiyo ya kuwashia, ubonyeze kuanza. Nimeona vijana wakitupa flashi nzima kwa jambo hili, na wateja wakilipishwa flashi mpya. Programu ingeandika sentensi moja tu mwishoni, "flashi yako itaonekana ndogo, ni kawaida," watu wengi wangepona.

Kuna wanaouliza kwa nini wasifungue tu ISO wakanakili faili kwenda kwenye flashi kwa mkono. Kwa mashine ya UEFI inawezekana, lakini utagonga ukuta wa FAT32, moja ya namna za kufomati flashi. UEFI nyingi zinasoma FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Ndani ya Windows za sasa kuna faili liitwalo install.wim ambalo mara nyingi limevuka hapo. Rufus inaifomati flashi kwa NTFS, namna nyingine inayopokea faili kubwa, na kuweka kipande kidogo pembeni cha kuisaidia UEFI kuisoma, yote bila kukuhangaisha. Huo ndio urahisi ninaoutaka katika chombo: kibebe uzito ambao mimi kuubeba hakunifaidii chochote, kisha kiniachie uamuzi unaonihusu.

Etcher ilitoka mwaka 2016. Ina hatua tatu tu: faili, diski, andika. Diski ya mfumo inaificha, diski kubwa isiyo ya kawaida inakuonya, na ikimaliza kuandika inasoma upya kuhakiki kwamba kilichoandikwa ndicho. Kwa Linux na kwa kadi za kompyuta ndogo za Raspberry Pi, mpe hata asiyewahi kuona kazi hii. Kwa Windows haifai. Hapo ndipo nilipoipenda zaidi: ikihisi umeweka ISO ya Windows inakuambia wazi kwamba ISO hiyo inahitaji matayarisho mengine, na inakutajia programu za watu wengine zinazofaa, Rufus ikiwemo. Soma onyo hilo. Kijana mmoja ofisini alibonyeza kuendelea, akapata flashi isiyowaka, akaja kwangu akisema programu ni mbovu. Programu ilikuwa imemwambia. Ubaya wake kwetu ni uzito, inazidi MB 100, na inafunguka polepole kwenye mashine zenye RAM ndogo.

Begani mwangu natembea na Ventoy. Hii ilitoka mwaka 2020 na imebadilisha mwendo wa kazi yangu kuliko nyingine zote. Unaiweka kwenye flashi mara moja, na itakuuliza mara mbili kabla ya kufuta. Baada ya hapo ISO unainakili kama unavyonakili wimbo. Weka Windows 10, Windows 11, Linux Mint, na programu ya kupima RAM, zote flashi moja. Ukiwasha mashine ya mteja inakuja menyu, unachagua. Ninapoitwa Pongwe au Muheza sibebi tena flashi tano zenye vibandiko vilivyofutika.

Mambo mawili yatakusumbua. La kwanza, kwenye mashine yenye Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha kitu kisichoidhinishwa, mara ya kwanza huja skrini ya bluu inayotaka uidhinishe ufunguo wa Ventoy. Mgeni anadhani ameharibu mashine ya mtu. Hajaharibu, afuate hatua za kuusajili ufunguo, mashine ikiwaka upya menyu itakuja. La pili, ukinakili ISO ukachomoa flashi papo hapo, ISO itakuwa pungufu na utaambiwa kosa katikati ya kazi. Itoe kwa utaratibu, usubiri uruhusiwe. Zipo pia mashine kaidi zisizoelewana nayo. Kwa hizo narudi kwa Rufus bila mabishano.

Ile ya Microsoft yenyewe, Media Creation Tool, ni rahisi mno kwa anayetumia intaneti ya uhakika: inataka flashi ya GB 8 au zaidi, inapakua na kuandika yenyewe. Kwetu tunaonunua bando, kupakua zaidi ya GB 5 kwa kila flashi ni hasara. Pakua ISO mara moja kwenye tovuti ya wenyewe, ihifadhi, uihakiki. Amri ni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Itakupa namba ndefu inayotokana na faili hilo; ilinganishe na iliyoandikwa na watoaji. ISO za kupeana mkono kwa mkono, eti Window nyepesi iliyopunguzwa na mtu fulani, mimi siziweki kwenye mashine ya mteja. Mteja ataandika humo nywila ya benki yake.

Usiilaumu programu kwa makosa ya flashi. Kuna flashi zimeandikwa GB 64 na ndani hazifiki hata robo. Utaona uandishi unakwama palepale kila mara, au unaisha vizuri na Window inagoma katikati. Rufus ina kipimo cha kukagua flashi kabla ya kuandika; kwenye Linux kuna programu iitwayo f3. Vinachukua muda, kwa hiyo pima flashi siku unayoinunua, si mteja akiwa anasubiri. Na kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi inakula tundu za USB. Flashi isipoonekana, jaribu tundu jingine na usafishe kabla ya kusema imekufa. Tengenezea flashi kwenye laptopu yenye betri inayoshika chaji, ili umeme ukikatika katikati usilazimike kuanza upya.

Vitufe vya menyu ya kuwashia, unavyobonyeza mashine inapoanza kuwaka ili uchague flashi: HP ni Esc kisha F9, Dell na Lenovo F12, ASUS mara nyingi Esc, Acer F12 lakini huenda ukahitaji kuiruhusu kwanza ndani ya BIOS.

Ukifika kwenye Windows Setup ukaona hakuna diski hata moja, na laptopu ni ya Intel kizazi cha 11 au zaidi, usirudi kutengeneza flashi. Setup inakosa draiva ya Intel RST, programu ndogo ya kuiwezesha kuiona diski. Iweke kwenye folda ndani ya flashi, bonyeza Load driver, diski itatokea.

Tangu Microsoft walipositisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanaleta mashine zao zibadilishwe, na nyingi zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kufungia diski, bila wenyewe kujua. Kabla hujagusa mpangilio wa BIOS mwombe mteja ufunguo wake wa BitLocker, ambao mara nyingi uko kwenye akaunti yake ya Microsoft. Bila huo, faili zake zinaweza kujifungia ndani moja kwa moja.

Anayejifunza kwangu, nafanya naye hivi. Flashi zetu zote tumezipa jina FUNDI, pamoja na ukubwa wake. Kabla ya kubonyeza, anasoma kwa sauti jina na ukubwa wa diski inayoenda kufutwa. Akisoma "FUNDI, GB 16" anaendelea. Akisoma kitu kingine chochote, anaondoa mkono kwenye kipanya na kuniita. Mwanzoni wanaona haya kusoma kwa sauti mbele ya wateja, wakizoea inapita. Eksteno ya mteja naichomoa mimi, naifunga kwenye mfuko wake, namkabidhi mkononi, "Shika hii, Mama, kaa nayo." Akishaishika, ndipo nafungua programu.