Kupeleka msaada Kenya kwa gari: beba vilivyotengenezwa Tanzania, mitumba iache Mwanza

Masika ya 2024 yalipoleta mafuriko Nyando, Budalang'i na kwingineko upande wa Kenya, watu wengi hapa Mwanza walianza kukusanya nguo. Misikitini, makanisani, kwenye vikundi vya akina mama, kila mahali palikuwa na magunia. Ni jambo jema sana, na ningependa liendelee, kwa sababu wale ni ndugu zetu wa ziwa moja. Ila nimeshapita mpakani Sirari na mizigo ya namna hiyo, na kila ninapoulizwa namna ya kufanya, jibu langu huanza na kitu ambacho wengi hawakitarajii: nguo za mitumba ziacheni.

Mbele ya afisa wa forodha, gunia la nguo ni gunia la nguo, liwe la sadaka au la kwenda gulioni. Mitumba ilitoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kukaa kwake kabatini kwako Nyakato hakuigeuzi kuwa bidhaa ya Tanzania. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mitumba ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Halafu kuna nguo za ndani zilizovaliwa, ambazo nchi zote mbili zimezipiga marufuku. Nimeona gunia likimwagwa lote chini juani, afisa akipekua sketi moja moja, soksi moja moja, kwa sababu juu kabisa palikuwa na sidiria. Akina mama waliokuwa na mzigo ule walisimama pale mpaka jioni, na wala hawakuwa na kosa la kukusudia. Iliniuma.

Sasa tazama upande wa pili. Bidhaa iliyotengenezwa Tanzania, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa na yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, inaweza kuvuka kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetengenezwa wapi, ile wanayotumia wafanyabiashara wadogo. Cheti hiki hutolewa na forodha mpakani, na kinaondoa ushuru wa forodha; VAT na kodi nyingine za ndani ni habari tofauti, kaulizie mapema. Kwa hiyo chukua zile fedha mlizotaka kulipia usafiri wa magunia kumi ya mitumba, ununue sabuni, khanga, madaftari na sufuria za viwanda vya hapa kwetu. Vipya, vinahesabika, na anayepokea hajisikii amepewa mabaki ya mtu. Hili la mwisho mimi nalithamini kuliko hata unafuu wa ushuru.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, dukani na uitunze. Kisha andika orodha ya mzigo: bidhaa gani, katoni ngapi, bei gani. Usiandike thamani sifuri eti kwa kuwa ni sadaka, maana afisa atakadiria mwenyewe, na makadirio yake huenda yasikupendeze. Ambatanisha barua mbili, moja ya kikundi chenu iliyopitia kwa mtendaji wa mtaa, nyingine ya wanaopokea huko Kenya, itaje jina la kituo, mahali kilipo, na kwamba vitu si vya kuuzwa. Toa nakala nyingi. Kila dirisha litataka yake.

Kwa maafa makubwa, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa vifaa vya dharura vinavyokwenda eneo lililokumbwa na janga. Lakini uombeni kabla gari halijawashwa, na wapokeaji ndio waanze kufuatilia huko kwao. Mkifika nao kama ombi la mdomo pale mpakani, mmechelewa.

Mahindi msibebe. Mwaka 2021 Kenya iliyazuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, na ilipofungua tena ilitaka kiwango chake kisizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ongeza hapo cheti cha afya ya mimea, na uone kama magunia matano yanastahili mbio hizo. Tumeni pesa wakanunue huko huko. M-Pesa ya kwetu inafika ya kwao. Dawa vivyo hivyo, achieni wenye taaluma na vibali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika, na zile za kwenye droo za nyumbani hazifikii hapo.

Msifungashe kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, sisi tukafuata Juni 2019. Maboksi na viroba vinatosha.

Sirari ya kwetu na Isebania ya Kenya ni kituo cha pamoja: ukielekea Kenya unamalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Isebania. Hivyo kibali chochote cha taasisi za Tanzania kiwe mkononi tangu Mwanza. Pasipoti au hati ya dharura, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari, na kama gari si lako, barua ya mwenyewe. Bima yako ya kawaida haivuki. Kata ile ya COMESA, wengi huiita kadi ya njano, kabla hujaondoka. Vishoka, wale madalali wasio na leseni, watakufuata hata kabla hujazima injini. Kama unahitaji msaada, tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, mkubaliane bei mbele ya wenzako, na akupe stakabadhi.

Gari likishaingia Kenya linapewa kibali cha muda. Angalia tarehe ya mwisho papo hapo, na wakati wa kurudi ukirudishe dirishani kifungwe, hata kama ni usiku na mmechoka. Gari lililotoka bila kibali chake kufungwa litawasumbua safari ijayo, na wanaowategemea watakuwa wanasubiri.