Maswali yenu: jamaa za Charles Taze Russell waliotoka Ireland

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu Charles Taze Russell (1852–1916), mwanzilishi wa vuguvugu la Wanafunzi wa Biblia, ambamo baadaye walitokea Mashahidi wa Yehova. Wazazi wake, Joseph Lytle Russell na Ann Eliza Birney, walikuwa wa asili ya Waskoti waliolowea kaskazini mwa Ireland.

Nianze kutafuta Ireland au Marekani?

Marekani, tena anzia mwisho wa maisha yao. Joseph alifariki mwaka 1897: tafuta wosia, tangazo la kifo na jiwe la kaburi, ndipo urudi nyuma kwenye sensa. Ile ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya. Kabla yake utamwona mkuu wa kaya tu, waliobaki ni tarakimu. Kasoro ni kwamba kwenye mahali pa kuzaliwa karani kwa kawaida aliandika "Ireland", basi. Hati za uraia za kabla ya 1906 nazo ni bahili: mwombaji wa enzi hizo anamkana Malkia Victoria, anatia sahihi, anaondoka bila kutaja kijiji. Kijiji huenda ukakikuta kwenye kaburi la shangazi au mjomba ambaye hakuna anayemshughulikia, kwa hiyo usimng'ang'anie mtu maarufu peke yake.

Jambo lingine: Charles alizaliwa Allegheny, mji uliomezwa na Pittsburgh mwaka 1907. Tafuta kwa majina yote mawili.

Nasikia kumbukumbu za Ireland ziliungua zote. Nikate tamaa?

Hapana. Ofisi ya kumbukumbu ya Dublin iliteketea Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 ilipotea, pamoja na wosia na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Lakini Waskoti hawa wengi wao walikuwa Wapresbiteri, na madaftari yao yalibaki makanisani. Nakala nyingi zinasomeka leo katika hifadhi ya kumbukumbu ya Belfast. Zimesalia pia orodha za zaka za miaka ya 1820 na 1830, na uthamini wa ardhi wa Griffith wa 1847–1864, unaotaja waliokalia mashamba.

Cheti cha kuzaliwa cha Joseph usikihangaikie. Usajili wa vizazi vyote Ireland ulianza 1864, wakati mwanawe Charles ana miaka 11 huko Pennsylvania.

Je, Charles ni wa ukoo wa akina Russell walioanzisha chama cha siri cha Chuo Kikuu cha Yale?

Madai haya hayafi. William Huntington Russell, mmoja wa waanzilishi wa chama hicho, Skull and Bones, mwaka 1832, alitoka katika ukoo uliokuwa Connecticut tangu karne ya 17. Joseph alivuka bahari katika karne ya 19. Russell ni jina lililojaa Uskoti, Uingereza na Ireland; kufanana jina si udugu. Anayedai udugu alete hati ya kila kizazi.

Programu yangu ya nasaba inakataa kumweka Emma Ackley mara mbili. Nimekosea?

Hujakosea, familia yenyewe ndiyo ilivyo. Charles alimwoa Maria Ackley mwaka 1879. Joseph, baba yake Charles, akiwa mjane, akamwoa Emma, dada yake Maria. Shemeji akawa mama wa kambo! Binti yao Mabel ni dada wa Charles kwa baba, na kwa Maria ni wifi na ni mtoto wa dada yake. Mwandike Emma mara moja tu, kisha umwunganishe pande zote mbili. Ukimrudia, watafuta nasaba wengine watakuja kunakili watu wawili.

Jamaa anajiita kitukuu cha Charles, na ana majibu ya DNA. Tumwamini?

Charles na Maria hawakupata mtoto. Kati ya watoto watano wa Joseph na Ann Eliza, waliofikia utu uzima ni Charles na dada yake Margaret tu. Huenda jamaa huyo ni wa Margaret, wa Mabel, au wa ndugu za Joseph. Muulize jina la bibi yake kabla ya kubishana kuhusu vinasaba.