Maswali na Majibu: Ubavu wa Kulia wa Gettysburg

Maswali ya leo yanahusu mapigano ya Gettysburg, jimboni Pennsylvania, yaliyopiganwa Julai 1 hadi 3, 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Swali: Kila inapotajwa Gettysburg husifiwa Joshua Chamberlain na rejimenti ya 20 ya Maine, waliolinda ubavu wa kushoto kwenye kilima cha Little Round Top. Ubavu wa kulia ulilindwa na nani?

Jioni ya Julai 2 ulilindwa na brigedi moja tu, ya Jenerali George Greene, iliyobaki kwenye kilima cha Culp's Hill. Ilikuwa na rejimenti tano za New York, yaani ya 60, 78, 102, 137 na 149, zenye askari wapatao 1,400 kwa jumla. Kwa maoni yangu, mahali pao palikuwa nyeti kuliko Little Round Top, kwa kuwa nyuma yao, umbali mfupi tu, ilipita Baltimore Pike, barabara ambayo jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, liliitegemea kwa vifaa na ambayo lingeihitaji kama lingelazimika kurudi nyuma.

Swali: Kwa nini waliachwa wachache hivyo?

Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, alikuwa ameshambulia kushoto kwa nguvu, naye kamanda wa Muungano, George Meade, akaagiza Kikosi cha 12, ambacho brigedi ya Greene ilikuwa sehemu yake, kiondoke kilimani kwenda kusaidia. Greene peke yake ndiye aliyebakizwa. La kusikitisha ni kwamba brigedi nyingine mbili za divisheni ya Greene, zikiongozwa na kamanda wa divisheni hiyo, John Geary, zilipotea njia na hazikufika zilikotumwa.

Swali: Waliwezaje kuizuia divisheni nzima ya jeshi la Kusini, yenye brigedi kadhaa?

Greene alikuwa na umri wa miaka 62, na kabla ya vita alikuwa mhandisi aliyeshiriki ujenzi wa mfumo wa maji wa jiji la New York. Asubuhi hiyo aliwaamuru askari wake wakate miti na kulundika magogo, mawe na udongo kuwa boma, ingawa Geary hakupenda askari wazoee kujificha. Tena akaongeza ukuta mfupi uliokatisha mstari upande wa kulia. Divisheni ya Edward Johnson ilipopanda mteremko wenye miamba mnamo saa moja jioni, ilikabili watu walioonekana vichwa tu.

Ukuta ule mfupi ndio uliowaokoa askari wa rejimenti ya 137, waliokuwa mwisho kabisa wa mstari. Walipopigwa risasi kutoka mbele, ubavuni na hata nyuma, Kanali David Ireland aliwageuza na kuwarudisha hadi hapo, wakashikilia gizani hadi msaada ulipofika. Takriban theluthi moja ya watu wake waliuawa, walijeruhiwa au walipotea.

Swali: Mbona hawajulikani?

Mwamba ngoma huvutia kwake. Chamberlain aliishi hadi 1914, akawa gavana wa Maine, na aliandika mengi kuhusu siku ile; Ireland alifariki kwa ugonjwa mwaka 1864, vita vikiendelea. Hata taarifa rasmi ya Meade iliipa brigedi ya Greene nafasi finyu, kiasi kwamba Jenerali Henry Slocum, kamanda wa Kikosi cha 12, alimwandikia barua ya malalamiko Desemba 1863.

Swali: Washambuliaji hawakupata chochote?

Walipata mahandaki matupu yaliyoachwa na Kikosi cha 12 chini ya kilima, wakalala humo. Kikosi hicho kiliporejea, mapigano yalianza upya alfajiri ya Julai 3 na kudumu takriban saa saba. Humo ndimo mti wa bendera ya rejimenti ya 149 ulipovunjwa kwa risasi, na mbebaji wake, Sajini William Lilly, akauunga kwa vipande vya ubao na mikanda. Kufikia saa tano asubuhi watu wa Johnson walikuwa wamerudishwa nyuma, hivyo shambulio la alasiri la Jenerali Pickett wa jeshi la Kusini, ambalo Lee alikusudia liende sambamba na lao, lilifanyika bila msaada wowote kutoka upande huo.